Kioo cha Kushoto

Burundi wanaendesha kulia. Magari yao mengi, hata hivyo, yalitengenezwa Japani kwa ajili ya barabara za kushoto, yakatumika huko miaka kadhaa, yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakavuka Tanzania na kuingia nchini kupitia Kobero, usukani ukiwa bado upande wa kulia. Kwa hiyo dereva wa Bujumbura huketi upande wa mtaro, na ule upande wenye hatari, ambako wenzake humpita, uko mbali naye kwa upana mzima wa gari. Akitaka kujua kama kuna aliyekwisha kuanza kumpita, jicho lake halina pa kwenda ila kwenye kioo cha pembeni cha kushoto. Na kioo hicho mkono wake haukifikii. Kikigongwa na mpita njia kikabaki kinatazama mawingu, dereva aliye peke yake itambidi asimame, ashuke, azunguke gari, akisogeze kwa kidole, arudi kitini aangalie, kisha ashuke tena kwa sababu hakikukaa sawa.

Anayeshuka kutoka Bugarama kwa Barabara ya Taifa Namba 1 anakihitaji zaidi. Barabara ile inateremka kutoka milimani hadi ziwani kwa kona zisizokwisha. Waendesha baiskeli huipanda kwa kuning'inia nyuma ya malori, halafu huishuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa kwa mwendo unaoyashinda magari. Baiskeli iliyokuwa nyuma yako inaweza kuwa ubavuni mwako kabla hujamaliza kona.

Ndiyo maana mafundi umeme wa Buyenzi hawamshangai mtu anayewaletea gari zima, lenye breki nzuri na taa zote, eti kioo kimoja hakipandi. Wanajua anachokosa.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa jiji hili tangu enzi lilipoitwa Usumbura. Barabara zake zina namba badala ya majina, soko la Ruvumera limo humo, na kazi ya magari imeenea hadi vibarazani: huyu ananyoosha bodi, yule anauza spea zilizofunguliwa kwenye magari yaliyokwisha kufa, mwingine anashona viti. Katika kelele zote hizo fundi umeme ndiye mwenye vitu vichache kuliko wote. Ninayemfikiria ni mtu mzima, vijana wake humwita Mzee tu. Juu ya meza yake pana bisibisi mbili, koleo, mita ya kidijitali, tepu, daftari la shule, na taa ya kupimia aliyoiunda mwenyewe kwa nyaya mbili na balbu ya wati 5, ile ya kumulika namba ya gari. Nimekaa kwenye benchi lake mara nyingi, na kila mara nimeondoka nikiwa na imani ileile: kutafuta hitilafu ndogo ya umeme ni kazi ya akili inayostahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Mikono ya Mzee ni hodari, lakini ninachokipenda zaidi ni jinsi anavyojizuia kuitumia mpaka awe na sababu.

Ili kumwelewa, inabidi kwanza kukielewa kioo. Ndani ya kioo cha kawaida cha Toyota mna mota mbili ndogo. Moja hukiinua na kukiinamisha, ya pili hukipeleka kushoto na kulia. Mtu angetegemea nyaya nne, mbili kwa kila mota, lakini ziko tatu: mmoja wa mota ya juu na chini, mmoja wa mota ya kushoto na kulia, na wa tatu ni wa pamoja, unaozihudumia zote mbili. Mota hizi zina sumaku ya kudumu, kwa hiyo ukigeuza chanya ikakaa mahali pa hasi, zinazunguka kinyume. Dereva akibonyeza juu, swichi inapeleka chanya kwenye waya mmoja na hasi kwenye mwingine. Akibonyeza chini, inavibadilishana. Pande nne kwa nyaya tatu, bila kompyuta, bila kihisi cha aina yoyote. Hata kioo kinapofika mwisho wa njia yake, hakuna kinachokiambia kisimame: kiungo cha plastiki kilichowekwa kwa makusudi huanza kuteleza na kutoa mlio wa tak, tak, tak, mpaka dereva aachie kidole. Aliyepanga hivi alikuwa mtu wa kubana matumizi kwa busara, na Mzee anampenda mtu huyo bila kumjua.

Kwa sababu mpangilio ni huo, namna kioo kinavyougua inaeleza mengi kabla skrubu yoyote haijaguswa. Mzee huanza kwa maswali. Ni kioo kimoja au vyote viwili? Vikiwa vimekufa vyote kwa pamoja, hawezi kuwaza kwamba mota nne ziliungua siku moja; anatafuta mahali ambapo njia zao ni moja, yaani fyuzi, swichi, au mahali swichi inapopatia hasi yake. Kwenye Toyota nyingi za zamani fyuzi ya vioo ndiyo hiyohiyo ya redio na soketi ya kiberiti cha sigara, ya ampea 15. Basi swali lake la pili linaweza kumshangaza mwenye gari: "Simu unachajia humu?" Chaja ya bei rahisi, iliyolegea kichwani, hupiga shoti ndani ya soketi, fyuzi inakatika, na dereva anakuja kulalamika kwamba vioo vimekufa, kumbe hata redio imenyamaza na hajagundua. Mzee haweki fyuzi mpya mpaka chaja hiyo iwe mkononi mwake. Ninamheshimu kwa hilo, maana nimewaona mafundi wengi wanaoweka fyuzi kubwa zaidi, au uzi wa shaba uliokunjwa, na kumruhusu mtu aende na moto ndani ya dashibodi.

Kikiwa kimekufa kioo kimoja pande zote nne, mawazo yanaelekea kwenye waya wa pamoja, au plagi ya kioo kile, au upande wa swichi unaochagua kulia na kushoto. Kikiwa kinakwenda kushoto na kulia lakini hakipandi wala hakishuki, waya wa pamoja umeshasafishwa na tuhuma, kwa kuwa mota inayofanya kazi inautumia huohuo. Zinabaki mota ya pili na waya wake. Halafu kuna sikio. Mzee huinamisha kichwa hadi karibu na kioo na kumwambia kijana abonyeze. Mota ikilia na kioo kisisogee, umeme umemaliza kazi yake. Meno ya plastiki yamesagika au kioo kimechomoka kwenye kishikio chake, na hiyo ni kazi nyingine. Ikiwa kimya kabisa, ndipo mita inapotoka mfukoni.

Asubuhi moja ililetwa Carina ya teksi. Kioo cha kushoto kilikuwa kinakwenda kushoto na kulia vizuri, kupanda na kushuka kikikataa, lakini si siku zote. Dereva alikuwa ameshanunua kioo kingine kilichotumika, akakifunga, na ugonjwa ukabaki vilevile. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Mzee alikipokea kile kioo cha zamani, akaziunganisha nyaya zake kwenye betri, kikapanda na kushuka mbele ya macho ya wote. Kilikuwa kizima muda wote.

"Hukataa wakati gani?" akauliza.

"Wakati wowote, Mzee. Kikitaka."

"Abiria akiwa ameshashuka, au kabla?"

Dereva hakuwa na jibu. Mzee alimweka kijana wake kwenye kiti cha dereva, akamwambia abonyeze juu na asiachie. Yeye akaushika mlango wa kushoto, akaanza kuufungua polepole, kidogo kidogo. Ulipofika karibu nusu ya njia, kioo kilishtuka, kikapanda kiasi cha upana wa ukucha, kikakoma. Akaurudisha mlango palepale. Kikashtuka tena.

Gari la usukani wa kulia, likiwa teksi katika nchi ya kuendesha kulia, mlango wake wa mbele wa kushoto ni wa abiria. Unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Nyaya zinazokwenda kwenye kioo, kwenye dirisha, kwenye kufuli na kwenye spika hupita pamoja ndani ya mpira uliokunjamana, kati ya nguzo ya bodi na mlango, na kila mlango unapofunguka zinapinda palepale zilipopinda jana. Miaka ishirini ya kupinda huko inatosha kuichosha shaba. Nyuzi zake nyembamba hukatika moja baada ya nyingine, huku ganda la plastiki la nje likibaki zima. Ukiutazama waya, huoni kitu.

Mtu mwingine angeukata mpira ule mara moja. Mzee alitaka kwanza kuwa na hakika, na pia alitaka kijana aone. Akamwachia mita. Kijana alichomoa plagi ya kioo, akagusisha ncha mbili za mita kwenye matundu yake, dereva akabonyeza juu. Mita ikasoma volti 12.3.

"Umeme upo, Mzee. Mota ndiyo mbovu."

Mzee hakumkatalia. Alimpa ile taa ya balbu moja na kumwambia aiunganishe kwenye matundu yaleyale, mita ikiwa bado imeshikiliwa. Balbu haikuwaka. Ukikaza macho uliona uzi wake wa ndani umepata wekundu hafifu, basi. Na mita, iliyokuwa inajivunia volti 12, ilishuka hadi chini ya volti moja.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo, na inafaa kutulia kidogo. Mita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa sana, kwa kawaida omu milioni 10. Haivuti mkondo wa kuhesabika. Ukibaki uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba kuliko unywele na uliokwisha kuoza nusu, uzi huo unatosha kabisa kuiletea mita volti zote za betri, kwa kuwa mita haiombi chochote zaidi ya kuonja. Mota inaomba kazi. Balbu ya wati 5 inavuta takriban nne ya kumi za ampea, kiasi kinachokaribiana na cha mota ya kioo, na ndiyo sababu Mzee aliichagua hiyo badala ya balbu kubwa ya breki au kitaa kidogo cha kisasa kisichokula umeme. Balbu inasimama mahali pa mota na kuomba kile ambacho mota ingeomba. Njia iliyobakiwa na uzi mmoja haiwezi kuupitisha mzigo huo. Volti zinapotelea njiani.

Lakini zinapotelea wapi? Mota ile inatumia nyaya mbili, na wa pamoja ulikuwa tayari na alibi: ulikuwa unaiendesha ile mota ya pili vizuri. Hata hivyo Mzee aliupima, kwa sababu anataka kuona kwa macho anachokijua kwa akili. Balbu ikiwa bado imeunganishwa, aliweka ncha moja ya mita nyuma ya swichi na nyingine mwisho wa waya wa pamoja, kwenye plagi ya kioo. Mita ikaonyesha karibu sifuri: hakuna kilichopotea humo. Akahamia waya wa juu na chini. Mita ikasoma zaidi ya volti 11. Karibu umeme wote wa betri ulikuwa unaishia ndani ya waya mmoja usiofika hata mita mbili kwa urefu. Kijana aliitazama ile tarakimu kwa muda, halafu akaomba kupima tena yeye mwenyewe. Mzee akampisha.

Ndipo mpira ulipovutwa kutoka kwenye nguzo. Haukukatwa, ulichomolewa kwa bisibisi bapa iliyofungwa tepu nchani ili isiutoboe, kwa sababu mpira uliotoboka utaingiza maji na kuleta ugonjwa mwingine. Nyaya zilitoka zikiwa kundi, zote safi, rangi zake na mistari yake bado zinasomeka. Mzee alishika mmoja mmoja kwa vidole viwili vya kila mkono na kuuvuta taratibu. Waya mzima haurefuki, kwa kuwa shaba iliyo ndani inakataa. Alivuta wa kwanza, ukakataa. Wa pili, ukakataa. Wa tatu ulirefuka mbele yetu, ganda likawa jembamba katikati, kwa sababu ndani yake hapakuwa na cha kulizuia. Alipolipasua kwa wembe tuliona nyuzi nyeusi, zimeachana kwa kiasi cha punje ya mchele, na mbili tatu za mwisho zilizokuwa zikigusana mlango ukiwa nusu wazi.

Kuunga waya ni jambo ambalo kila mtu anadhani analiweza. Wengi wangepindanisha ncha mbili palepale zilipokatika, wakazungusha tepu, wakachukua hela. Muungo huo unadumu mwezi. Lehemu inapoyeyuka hunyonywa ndani ya nyuzi za waya na kuufanya mgumu kama msumari kwa urefu wa nusu kidole, na mahali ugumu huo unapoishia ndipo waya utakapovunjika tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo Mzee alikata sehemu yote inayopinda, akaweka kipande kirefu kipya, miungo miwili ikaangukia mahali pasipopinda kabisa: mmoja ndani ya nguzo, mmoja ndani ya mlango. Kipande chenyewe kilitoka kwenye furushi la nyaya alizozifungua kwenye gari lililokufa, chenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa maana waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene haumalizi hata msimu wa mvua. Siku hiyo umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Chuma cha kulehemu kilipashwa moto kwenye mbabula ya makaa, kikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kikagusishwa chini ya muungo, na lehemu ikawekwa juu ili ivutwe na joto la waya wenyewe. Lehemu nzuri hung'aa na kuonyesha umbo la nyuzi zilizo chini yake. Yake ilikuwa hivyo.

Kabla ya kurudisha mpira alizivuta na nyaya zilizobaki zote. Zilikuwa zimepinda mara zilezile. Mmoja, wa kufuli, ulianza kulegea. Alimwonyesha dereva, akamweleza utakavyokatika, akamwachia uamuzi. Dereva akasema uungwe huohuo wakati mpira uko nje. Kisha kijana akabonyeza juu, na mlango ukafunguliwa na kufungwa, tena na tena, haraka na polepole, hadi kioo kikaanza ule mlio wake wa mwisho wa njia bila kukatiza hata mara moja.

Kazi nyingine huletwa na wezi. Vioo vya pembeni huibwa katika miji yetu yote, na mwenye gari huishia kununua kingine, pengine cha gari la mwaka tofauti au la kampuni tofauti, chenye plagi isiyoingiana na rangi za nyaya zisizofanana. Hapa Mzee anatumia betri ndogo ya volti 9 na mantiki ninayoifurahia kila nikiiona. Nyaya tatu zinatoa jozi tatu tu. Anagusisha betri kwenye jozi ya kwanza, kioo kinapanda. Jozi ya pili, kinakwenda pembeni. Jozi ya tatu, kinasogea mshazari, taratibu, kwa uvivu. Huo uvivu ndio jibu. Jozi hiyo imeziunganisha mota mbili kwa msururu, zinagawana volti, na zote mbili zinazunguka nusu nguvu. Kwa hiyo ule waya ambao haumo katika jozi hiyo ndio wa pamoja. Mita inathibitisha: kila mota ikisoma, tuseme, omu 20, jozi ya mshazari itasoma karibu 40. Hahitaji mchoro wa kiwanda, wala kuelewa maandishi ya Kijapani. Akishajua, anachora plagi kwenye daftari lake, matundu yake yakiwa yamepangwa kama yanavyoonekana upande wa nyaya, na kuandika kila tundu ni la nini, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Daftari lile lina miaka. Kama lingekuwa langu, ningelifungia kabatini.

Vioo vinavyojikunja navyo vinafika, ingawa vina mambo machache. Sheria ya Japani haikuruhusu vioo vya milangoni mpaka 1983. Kabla ya hapo vilikaa mbele, juu ya mabawa ya gari. Vilipohamia milangoni, mitaa myembamba ya huko na maegesho yake ya kubanana vililazimisha vikunjwe, na leo mota hizo za kukunja zinaishi maisha yao ya pili karibu na Ziwa Tanganyika. Mota ya kukunja ikilia bila kukoma, gia imevunjika.

Maji ni habari ndefu zaidi. Tangu mafuriko ya 2020 Gatumba, nje kidogo ya jiji, imezama mara kadhaa, kwa mto Rusizi na kwa ziwa lenyewe, na mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi yakaingia mitaa ya pwani ambamo watu walikuwa wamezoea kuegesha magari. Gari lililokaa ndani ya maji hukauka kwa nje baada ya siku mbili. Ndani ya plagi za milango, kutu ya kijani inaendelea na kazi yake miezi mingi, na huila zaidi pini ile inayobeba chanya muda wote. Mwenye gari haoni uhusiano: mafuriko yalikuwa masika, kioo kimekufa kiangazi. Mzee huuliza gari lililala wapi mvua zilipozidi, na huangalia chini ya zulia kabla ya kuangalia juu. Plagi kama hizo huzisafisha kwa mswaki na spiriti, pini moja moja, na msasa hauruhusu hata kidogo karibu nazo, kwa kuwa unakwangua tabaka jembamba la madini lililopakwa juu ya shaba na kuiacha uchi. Kwenye swichi ni hivyohivyo: hufunguliwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, mikono imeingizwa humo, ili vile vispringi na vigololi vyake visirukie mchangani, grisi iliyogeuka gundi inafutwa, na miguso iliyoungua inasuguliwa kwa kifutio cha penseli.

Kwenye malipo ndipo ninapotofautiana na wateja wengi. Dereva wa Carina alilipia kioo alichokuwa hakihitaji bila kubisha, kwa kuwa alikishika mkononi. Bei ya Mzee aliibishia. Aliona vipande viwili vya waya na tepu. Hakuviona vile vioo viwili, swichi na mota ambavyo havikubadilishwa kwa sababu mtu mmoja alijua kuviondoa katika orodha ya watuhumiwa kimoja baada ya kingine. Mzee hapandishi sauti katika mabishano hayo; hulichukua lile ganda lililopasuliwa, na nyuzi zake nyeusi, na kumkabidhi mteja. Kwa maoni yangu angetoza mara mbili, na bado ingekuwa haki yake.

Magari mapya yameanza kuingia Buyenzi, na kwenye hayo swichi haibebi tena umeme wa mota. Inatuma ujumbe tu, na kompyuta ndogo iliyomo mlangoni ndiyo inayoiendesha mota. Mara nyingi ujumbe huo unapita kwenye waya mmoja wa mtandao unaoitwa LIN, kwa kasi isiyozidi biti 20,000 kwa sekunde. Hapo ile taa ya wati 5 inakatazwa. Ikiunganishwa kwenye waya wa taarifa inauvuta chini na kuvinyamazisha vifaa vyote vinavyoushiriki, na inaweza kuunguza kilichomo ndani. Mzee aliielewa hatari hiyo mapema, akawa anaiweka taa yake ndani ya droo kila gari la namna hiyo linapoingia, na akamtuma kijana wake kujifunza mashine ya kusoma kompyuta.

Niliwakuta wakiwa na gari kama hilo. Mashine ilisema hakuna mawasiliano na mlango wa mbele wa kushoto, na hapo ikakomea. Haikusema kama ni waya, plagi, au kompyuta ya mlango. Safari hii kijana ndiye aliyekuwa anaeleza. Waya wa LIN ukitulia, alisema, unakaa karibu na volti za betri. Vifaa vikizungumza unavutwa hadi karibu na sifuri maelfu ya mara kwa sekunde, mita haiwahi kufuata, kwa hiyo inaonyesha wastani ulio chini kidogo ya betri. Ukisoma sifuri tupu, umepiga shoti au hauna lishe. Ukisoma volti za betri bila kuyumba hata kidogo, waya uko hai ila hakuna anayezungumza. Wakapima upande wa bodi: 10 na kitu, ikiyumba. Wakapima upande wa mlango: sifuri. Mzee alichora plagi kwenye ukurasa mpya, akaandika tarakimu zote mbili kando ya tundu lake, kisha akamwambia kijana azime gari, asubiri mtandao ulale, na apime tena, ili waandike na ya gari likiwa limelala.